Kazi Nyingine ya Nguvu: Hakuna

Mwaka niliotimiza miaka arobaini na tisa, kocha wetu alitangaza kwamba timu ya wanawake itakuwa na wakimbiaji sita tu, na atakayekuwa wa saba atasafiri na timu kama mpishi. Alisema hivyo akiniangalia mimi. Labda hakuniangalia, labda jua lilikuwa linampiga machoni, lakini mimi nilijua nimeangaliwa, na tangu siku hiyo nikawa na ugomvi naye ambao mwenyewe hakuwa na habari nao.

Yalikuwa mashindano ya walimu, kilomita kumi za barabarani, na mwaka huo yalikuwa yanafanyika Tabora. Timu yetu inakwenda kwa treni, inalala kwenye madarasa, inajipikia. Nilikuwa nimekimbia miaka sita mfululizo. Mpishi siku zote alikuwa ni mtu ambaye mbio zimemkimbia: anabaki na sufuria, anawasikia wenzake wakirudi wanasimuliana mambo ya njiani, naye anauliza nani hajapata mchuzi. Tena mimi napika vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Nilijua nikishika mwiko mwaka mmoja, hakuna atakayeninyang'anya.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapa Mpanda, zamu ya mchana, na makazi yangu ni Shanwe. Binti yangu anayefanya kazi Dodoma aliposikia habari ya mpishi alicheka sana kwenye simu, kisha akanitumia saa ya mkononi ya mazoezi. Saa hiyo ilikuwa nyeusi, nyepesi, na haina mishale. Akaniambia nilale nayo, na kila asubuhi nitazame namba moja tu.

"Namba ya nini?" nikamuuliza.

"Ya moyo, mama. Moyo uliopumzika haupigi sawasawa. Kati ya pigo na pigo kuna nafasi, mara ndefu kidogo, mara fupi kidogo. Saa inapima hizo nafasi zinavyopishana ukiwa umelala. Namba ikiwa juu kuliko kawaida yako, mwili umepona kazi ya jana, unaweza kuukimbiza. Ikishuka, mwili bado uko kazini, hata kama wewe unakoroma."

Miaka yote nilidhani moyo mzuri ni ule unaokwenda kwa hatua moja, kama mchakamchaka wa darasa la saba. Nikamwambia sikoromi. Akasema sawa mama, niangalie namba tu.

Asubuhi ya kwanza ilisoma arobaini na moja. Binti akasema kwa umri wangu siyo mbaya hata kidogo, ila nisijilinganishe na mtu, nijilinganishe na mimi mwenyewe wa jana. Nilifurahi. Nikajiona tayari niko Tabora, namba ya karatasi kifuani.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Januari. Kocha alikuwa kijana, mwalimu wa michezo aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, ametuletea mazoezi ya kisasa: mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja na nusu jioni, tunakimbia vipande vya kasi. Dakika tatu unakwenda kama unafukuzwa na tembo, dakika mbili unatembea, unarudia mara sita. Sikupenda kufundishwa na mtu anayelingana na mwanangu, lakini niliyafanya yote, na ya ziada nikaongeza, kwa hasira.

Namba ikaanza kushuka. Thelathini na sita. Thelathini na moja. Wiki ya tatu ikasoma ishirini na mbili, na muda wangu wa kilomita kumi, badala ya kupungua, ukaongezeka dakika nzima. Nilikuwa naamka miguu mizito, naingia darasani nawakaripia watoto wasio na kosa.

Binti akasema pengine tatizo ni wakati wa mazoezi. Mazoezi makali jioni, karibu na kulala, yanauacha moyo umechangamka mpaka usiku, na namba ya asubuhi inaumia. Nikamwomba kocha niwe nakimbia polepole jioni, vile vya kasi nifanye Jumamosi alfajiri. Alikubali, akaniita "madam" kwa upole ulionikera zaidi. Nikaacha chai ya jioni. Nikawa nakula ugali na samaki wangu wa migebuka mapema, kabla giza halijaingia, wageni wakija wananikuta nimeshaosha vyombo. Namba ilipanda mpaka ishirini na saba, ikagoma hapo. Jumatatu ikashuka tena, nikaona hakuna faida, nikarudia vipande vya kasi vya jioni.

Nikaanza kuichukia ile saa. Nilikuwa naisemesha asubuhi, peke yangu kitandani, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama yangu, ambaye yuko kule Usevya na mashamba yake ya mpunga, alinipigia akanikuta nagomba, akauliza nina mgeni gani saa hizo. Nikamweleza. Akasema yeye ana miaka sabini na sita, moyo wake hajawahi kuuomba namba, na unapiga.

Kisha ikanyesha mvua ya siku tatu bila kukoma. Kocha hakutuacha; alituingiza ukumbini, tukapanda na kushuka ngazi za jukwaa mpaka magoti yakalia. Nilitegemea namba itakufa kabisa. Siku ya nne ikasoma thelathini na nane. Nikashangaa, nikasema basi mvua ina baraka zake. Sikuwaza zaidi ya hapo. Watu wananiita mkaidi, na mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Lakini ukaidi wangu una tabia moja mbaya zaidi, kwamba hata dalili ikinijia mlangoni naifungia.

Sasa nieleze habari ya yule aliyenifumbua macho. Shamba langu liko nje kidogo ya Shanwe, dakika ishirini kwa baiskeli, na jirani yangu wa shambani ni Msukuma, mtu wa maneno mengi na maksai wanne. Nilimwita anilimie nusu eka ya alizeti. Alifika kumeanza kupambazuka, mimi tayari napalilia mahindi pembeni. Saa nilikuwa nimeivua, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, nimeiweka kwenye kikapu cha baiskeli pamoja na chakula changu cha mchana, kama nilivyofanya kila siku. Zawadi ya mtoto hutaiingiza kwenye matope.

Ilipofika saa nne jirani akafungua nira. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo, hatua arobaini hivi.

"Mbona unafungua?" nikamuuliza.

"Jua hilo, mwalimu."

"Basi warudishe jioni, jua likipoa."

"Hawa wameshalima leo. Jioni wanakula."

"Si unao wengine wawili?"

"Wale walilima jana. Leo zamu yao kulala."

Hapo hasira zikanipanda. Nilikuwa nimeamka na namba ishirini na moja, nimejaa. Nikamwambia ng'ombe wake wanaishi kama wakubwa wa serikali. Nikamwambia mimi hapa nimeshika jembe tangu saa kumi na mbili na nusu, sasa hivi naoga nakwenda kusimama mbele ya watoto tisini mpaka saa kumi na moja, kisha nakwenda kukimbia, tena kwa kasi, na wala sijamwomba mtu zamu ya kulala.

Aliniangalia kuanzia kilemba mpaka kwenye ndala. "Kila siku?"

"Kila siku, ukiacha Jumapili."

"Mwalimu," akasema, "ungekuwa ng'ombe wangu, majirani wangeniitisha kikao."

Nikawasha baiskeli yangu, kama tunavyotania, nikaondoka, na njia nzima nikawa nahesabu siku kwa vidole. Siku tatu za mvua nilipanda ngazi kama kichaa na namba ikapanda. Kitu gani sikufanya siku zile tatu? Sikulima. Mahindi yalikuwa yanaogelea, nani angelima?

Nilikumbuka fomu. Siku ya kwanza ya mazoezi kocha alitugawia fomu tuijaze: umri, uzito, magonjwa, saa za kulala, na mwishoni "kazi nyingine ya nguvu unayofanya". Mimi niliandika "hakuna". Wala sikudanganya. Mtu akikuuliza kazi yako hapa kwetu, unasema mwalimu, nesi, fundi. Jembe hulitaji, kama usivyotaja kwamba unapumua. Kulima ni kulima. Mazoezi ni yale ya viatu vya raba.

Kumbe mwili haujui tofauti. Masaa matatu ya jembe kwenye tope ni kazi kali, na mimi nilikuwa naipachika juu yake kazi kali nyingine siku hiyo hiyo, halafu naisuta saa.

Nikabadilisha mambo kimyakimya. Nilipanga siku za jembe ziwe siku za jembe, na jioni yake nakimbia taratibu tu, mwendo ambao ningeweza kumsengenya mtu bila kukata pumzi, au sikimbii kabisa. Kesho yake silimi. Asubuhi kukiwa na ubaridi nafanya vile vipande vya kasi peke yangu, nakwenda shule, jioni nimepumzika. Siku ya tatu nakwenda mwendo mwepesi. Palizi iliyobaki nikamlipa jirani aimalize na maksai wake, naye akawa ananikumbusha kila alipopita kwamba mimi sasa nimekuwa ng'ombe wa maana.

Namba ilianza kurudi. Ishirini na sita, thelathini na tatu, thelathini na tisa. Nikajipima barabarani, dakika mbili zimetoka. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijivunii: nilinyamaza.

Kwa sababu niliangalia kulia na kushoto nikaona kwamba timu nzima inalima. Nani halimi Mpanda hii mwezi wa pili? Mwingine alikuwa anashika jembe kabla ya kengele, mwingine baada ya kipindi cha mwisho, mmoja alikuwa na mpunga wa kupalilia hadi mgongo unashindwa kunyooka. Wote walikuwa wanazidi kuwa wazito kila wiki, na kocha anakuna kichwa, anawaongezea mazoezi. Mimi peke yangu nilikuwa napata wepesi. Nikasema moyoni, waache. Sita wanahitajika, mmoja ni wa jikoni, na huyo mmoja si mimi.

Wiki mbili nilikaa hivyo. Nilikula vizuri, nililala vizuri, na nilikuwa na furaha ya kichoyo.

Rafiki yangu wa karibu shuleni alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mdogo kwangu kwa miaka kumi, ananiita dada. Tuna meza moja ofisini. Naye alikuwa kwenye timu, na asubuhi alikuwa na karanga zake za kupalilia. Nilimwona analala juu ya madaftari ya watoto, kalamu mkononi. Nilimwona anashika kifua akipanda ngazi. Akaenda hospitali kupimwa, akaambiwa hana tatizo, apumzike. Akarudi akiwa na wasiwasi zaidi, kwa sababu aliona wamemficha. Mama yake alikufa kwa moyo.

Siku moja tulikuwa wawili tu ofisini, akaniambia, "Dada, kama yaliyompata mama ndiyo haya, watoto wangu watatu sijui watakaa na nani."

Aliyasema taratibu, huku anapanga chaki kwenye boksi. Nikamwambia, "Wewe huumwi. Wewe unalima." Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Jioni ile ile, mazoezini, nikawasimamisha wote nikasema. Nilianza na namba, nikaenda kwenye mvua, nikamalizia na maksai. Kocha alisikiliza mikono kiunoni.

"Subiri madam. Nyie mnalima?"

Wanawake wakamwangalia.

"Lini?"

"Si asubuhi," akasema mmoja.

"Kila siku?"

"Sasa usipolima utakula nini?"

Akaenda kwenye begi lake akatoa zile fomu, akazisoma moja moja kwa sauti. Kazi nyingine ya nguvu: hakuna. Kazi nyingine ya nguvu: hakuna. Wa nne alikuwa ameandika "kawaida tu". Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye nyasi, na kocha mwenyewe, ambaye kwao mchicha unatoka sokoni, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akafanya jambo lililoumaliza ugomvi wangu naye. Alikaa chini nasi, akamuuliza kila mmoja ana shamba gani, limebakiza nini, analima saa ngapi, akaandika. Ratiba ya kisasa akaichana. Ikawa siku ya jembe si siku ya mbio kali, na mwenye palizi ngumu kesho yake analala. Rafiki yangu, kocha alimpumzisha siku tano mfululizo.

Aliporudi, alikuwa mtu mwingine. Wote walikuwa watu wengine. Wanawake waliokuwa wanajikokota nyuma yangu wakaanza kunipita wanaongea. Nilifurahi, na pia nilikasirika, vyote kwa pamoja, na sikuweza kumwambia mtu.

Mchujo ulifanyika Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, barabara ya Sumbawanga, kilomita tano kwenda na tano kurudi, tukaanza mapema kabla ya jua. Asubuhi hiyo namba yangu ilisoma arobaini na nne, haijawahi kufika huko. Nilikimbia mbio nzuri kuliko zote za maisha yangu, nasema kweli tupu. Nilikata karibu dakika nne kwenye muda wangu wa mwaka uliotangulia. Watano walikuwa mbele, mimi wa sita, na nilikuwa naiona alama ya kumalizia, naona mpaka rangi ya fulana ya kocha. Zikiwa zimebaki kama hatua hamsini nikasikia pumzi kushoto kwangu. Alikuwa yule rafiki yangu. Alinipita bila kuniangalia, na sikuwa na kitu cha kuongeza.

Wa saba.

Nilipeana mikono na kila mtu, nikatania kwamba wajiandae kula, kisha nikaenda nyuma ya jengo la shule iliyokuwa jirani nikalia. Nililia kama mtoto, kwa sauti. Rafiki yangu alinifuata na chupa ya maji, akakaa pembeni yangu kwenye msingi.

"Dada," akasema, "usingetuambia, nafasi ingekuwa yako."

Ningeweza kuipokea sifa hiyo. Ilikuwa tamu, na nilikuwa naihitaji.

"Nilijua wiki mbili kabla ya kuwaambia," nikasema. "Nilikuwa nakuona unalala kwenye madaftari. Nikanyamaza ili nikushinde."

Alifungua ile chupa aliyoniletea mimi, akaanza kunywa yeye, polepole, mpaka ikaisha.

"Wiki hizo mbili," akasema, "watoto nilishawagawa kichwani. Wa kwanza kwa kaka, wale wawili kwa bibi yao mzaa baba."

Nikamwambia anisamehe. Akasimama, akajipangusa vumbi, akasema treni inaondoka Alhamisi, nisisahau mafuta ya kupikia.

Siku nne za Tabora alinituma kama anavyotumwa mke mdogo. Chai yake isiwe na tangawizi. Viazi vyake vichemshwe, wenzake wakila vya kukaanga. Maji yake ya kuoga yawe moto lakini yasiwe moto sana. Nilifanya yote, nilipika mapema wapate kulala mapema, na hakusema asante hata mara moja. Wengine walidhani ni utani wetu, wakacheka.

Siku ya mbio nilisimama baada ya mstari wa kumalizia na ndoo ya maji na kikombe. Timu yetu iliingia mmoja mmoja, na yeye alikuwa wetu wa pili kufika. Alinipita, akaenda hatua tatu, akageuka. Akanilalia begani na jasho lake lote, kifua chake kikigonga changu kwa nguvu. Niliweka kikombe chini nikamshika kwa mikono miwili mpaka nikasikia moyo wake umeanza kupunguza mwendo.